Kadenge na Mpira: Msanii Tuliyekataa Kumhakiki

Leonard Mambo Mbotela alipofariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84, redio na magazeti ya Kenya yalimlilia kwa siku kadhaa. Wanasiasa walituma rambirambi, watangazaji wenzake walisimulia vichekesho vyake, na watu waliokuwa watoto katika miaka ya sitini na sabini wakakumbushana sauti iliyowafikia kutoka uwanjani siku za mechi. Katika ujia wa idara yangu nilisikia masikitiko pia, lakini yalikuwa masikitiko ya wasikilizaji waliompoteza rafiki. Sikusikia hata mara moja mhakiki akisema kwamba fasihi simulizi ya Kiswahili imempoteza fanani.

Makala haya si tanzia, wala mwandishi wake hana habari mpya za maisha ya marehemu za kumwongezea msomaji. Tunachodai ni jambo moja, nalo tunalidai dhidi yetu wenyewe: kwamba utangazaji wa kandanda redioni, hasa ule uliofanywa kwa Kiswahili katika Sauti ya Kenya tangu miaka ya sitini, ni fasihi simulizi kwa kila kigezo ambacho sisi wenyewe tumekifundisha, na kwamba tumeukataa si kwa sababu ya kigezo chochote, bali kwa sababu bado tunaiogopa kazi isiyo na karatasi. Mbotela alipendwa na wote, na kupendwa huko ndiko kulikomponza. Mtu anayependwa kwa ucheshi wake hudhaniwa kuwa hana haja ya kuhakikiwa.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa uzamili alileta mbele ya jopo, nami nikiwa mmoja wa wanajopo, pendekezo la utafiti juu ya utangazaji wa kandanda kama kipera cha fasihi simulizi. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa amesoma nadharia ya utendaji, alikuwa ameorodhesha maswali ya kuwauliza wasikilizaji wa zamani, na alijua tofauti baina ya mtangazaji anayesimulia na yule anayetoa taarifa tu. Aliulizwa swali moja: "Matini yako iko wapi?" Alipoeleza kwamba matini yenyewe ni utendaji, na kwamba angeikusanya kwa kadiri ilivyosalia katika kanda na katika kumbukumbu za watu, mwanajopo mmoja alicheka akasema kwamba mpira ni mpira na fasihi ni fasihi. Nakiri kwamba sikumtetea kama ilivyonipasa. Nilikuwa mgeni katika jopo lile, na saa ya chakula cha mchana ilikuwa imewadia.

Swali hilo la "matini iko wapi" linatia aibu zaidi likiulizwa Kenya kuliko likiulizwa penginepo. Ni hapa ambapo, mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza mjini Nairobi ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, ikiwamo fasihi simulizi, iwekwe katikati ya mtaala. Waraka ule haukuichukulia fasihi simulizi kuwa mabaki ya jana. Uliitazama kuwa sanaa iliyo hai, ya mikutano ya siasa na ya makanisani vilevile. Wakati unaandikwa, Mbotela alikuwa na miaka minne kazini Sauti ya Kenya, ambako alianza mwaka 1964, na kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilikuwa hewani tangu 1966. Jumba la Utangazaji liko Barabara ya Harry Thuku, ubavuni mwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Tangu hapo vizazi vya watafiti vimepita mbele ya lango lile vikiwa na vinasa sauti mkobani, vikielekea stendi ya basi, vikienda mashambani kumtafuta bibi wa kutega vitendawili. Mapinduzi ya 1968 yaliiingiza sauti ya mdomo darasani, nasi tukaamua kwamba mdomo wenyewe ni lazima uwe wa kijijini na uwe umezeeka.

Hatusemi kwamba bibi hakustahili. Tunasema kwamba tulifanya kosa lile lile ambalo tuliwalaumu wageni kwa kulifanya. Ruth Finnegan alipotilia shaka mwaka 1970 kuwapo kwa tendi za kishujaa barani Afrika, Isidore Okpewho alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1979, akionyesha kwamba tatizo halikuwa kukosekana kwa tendi bali ufafanuzi ulioletwa kutoka kwingine. Tulishangilia jibu hilo na tunalifundisha hadi leo. Kisha tukakaa na ufafanuzi wetu wenyewe, wenye moto wa jioni, watoto waliokusanyika na paukwa pakawa, na chochote kilichopita katika waya tukakiita "vyombo vya habari" na kuwaachia watu wa uanahabari. Walter Ong alikwisha kutuonya mwaka 1982 kwamba redio imezaa usimulizi wa pili, usio sawa na ule wa jamii zisizojua maandishi lakini ulio usimulizi hasa. Wanafunzi wetu wanalikariri jina la Ong katika mitihani. Hawaambiwi wawashe redio.

Tuchukue mfano anaoujua kila Mkenya mwenye umri wa kutosha. Joe Kadenge, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa mshambuliaji wa Abaluhya na wa timu ya taifa, na jina lake limesalia midomoni kwa maneno matatu ambayo taifa linayahusisha na sauti ya Mbotela: Kadenge na mpira. Vijana waliozaliwa muda mrefu baada ya Kadenge kuvua viatu wanayatamka maneno hayo, na aghalabu hawajui kwamba yalianzia uwanjani. Sasa hebu tuyahakiki kama tunavyouhakiki mshororo wa shairi.

Kwanza, hayana kitenzi wala kiambishi cha nafsi. Mwalimu wa sarufi angetaka "Kadenge ana mpira", na hapo tungepata taarifa ya umiliki, iliyokamilika na iliyokufa. "Kadenge na mpira" inaondoa umiliki na kuweka wawili sambamba, mtu na kitu, jinsi ngano inavyowaweka Sungura na Fisi katika anwani kabla kisa hakijaanza. Msikilizaji anajua kwamba kuna jambo litatokea kati yao. Pili, mizani ni saba: tatu za jina, moja ya kiunganishi, tatu za mpira, na mkazo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho pande zote mbili, kwa hivyo kifungu kinarudiwa pasi na kuchosha ulimi. Tatu, na hili ndilo kubwa, takriri hapa si pambo. Kila maneno yanaporudiwa bila jina la pili kutajwa, msikilizaji ambaye haoni chochote anaarifiwa kwamba hakuna mlinzi aliyeupata mpira ule; Kadenge anamchenga mtu asiye na jina, kisha mwingine asiye na jina, na kutotajwa kwao ndiko kushindwa kwao. Takriri inasimulia. Jina jingine likiingia, kisa kimekatika. Nimesoma tahakiki nyingi za takriri katika mashairi ya Kiswahili, nyingi zikiishia kusema kwamba mshairi amerudia "ili kusisitiza". Sijui ni mashairi mangapi kati ya hayo ambamo takriri inafanya kazi nusu ya hiyo.

Tuje kwenye jukwaa. Fanani wa ngano ana hadhira mbele ya macho yake. Mtangazaji ana hadhira mbili, moja inayopiga kelele nyuma ya kisemeo chake na nyingine isiyoonekana, iliyotawanyika katika maduka, magari na vibaraza vya nchi nzima. Ile ya kwanza inaona na haimsikii. Ile ya pili inamsikia na haioni. Kutokana na hali hiyo watangazaji wa kandanda wa Afrika Mashariki walibuni mbinu ambayo, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa ubunifu mkubwa wa kifasihi wa karne iliyopita katika lugha hii: waliuhamisha uwanja na kuutia ndani ya redio. Timu hii inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia kwa redio yako, walisema, na papo hapo sanduku la mbao juu ya rafu likawa na magoli mawili. Katika duka nililosikilizia mpira utotoni, ambako betri za redio zilianikwa juani asubuhi ili zipate nguvu ya kufika kipenga cha mwisho, wazee walikuwa wakiinama upande wa kulia wa redio mshambuliaji alipokaribia. Hakuna aliyewaambia wainame. Wapo wanaotafuta ushirikishi wa hadhira katika fasihi simulizi ya kisasa na kusema umekwisha.

Juu ya ucheshi wa Mbotela yamesemwa mengi na hayakusema kitu, kwa maana ucheshi wake umehesabiwa kuwa tabia ya mtu, kama vile ukarimu au upole. Sisi tunauhesabu kuwa mbinu. Mchezo wa kandanda una muda mwingi mfu: mpira umetoka nje, mchezaji amelala chini, refa anabishana na mshika kibendera. Aliyeko uwanjani hutazama huku na huku akingoja. Kwa aliye redioni kimya ni kifo, hajui hata kama betri imekwisha. Ni lazima muda huo ujazwe, na ujazwe kwa namna ambayo inaweza kukatwa wakati wowote mpira utakaporudi. Kwa hivyo mzaha wa mtangazaji hauna budi kuwa mfupi, kuwa na kichwa na mkia, na kuvumilia kukatizwa. Hayo ni masharti ya kiumbo, magumu kama masharti ya vina. Kisha kuna sharti la kijamii. Abaluhya, ambayo tangu 1980 ni AFC Leopards, na Gor Mahia zilikuwa na mashabiki waliogawika kwa misingi ya kijamii iliyojulikana na wote, na pande zote mbili zilisikiliza redio moja na sauti moja. Mtangazaji alitakiwa kuwachekesha walioshindwa bila kuwatukana, na walioshinda bila kuwachochea. Jamii zetu zina jina la sanaa hiyo, nalo ni utani, na tunaufundisha katika muhula wa pili kana kwamba ulikoma pale makabila yalipoanza kupanda matatu.

Yako mapingamizi, na baadhi yana uzito. Lile jepesi ni kwamba mtangazaji habuni, anaeleza yaliyopo. Lakini mbele yake wako wachezaji 22 na mpira unaokwenda kasi kuliko ulimi wowote. Anachokitaja ni sehemu ndogo ya yaliyopo, na uteuzi huo ndio usimulizi. Mghani wa sifo naye hakumbuni shujaa aliyesimama mbele yake.

Zito ni hili: Sauti ya Kenya ilikuwa chombo cha serikali, na Mbotela alikuwa mwajiriwa wake. Wenye pingamizi hili husema kwamba kandanda ya redioni iliwatuliza watu wasiulize mengine, na kwamba katika nchi ambamo wasomi walikuwa wakiwekwa kizuizini, mtu aliyeuliza kila wiki kama ni uungwana kufanya hili au lile nyumbani kwa jirani alikuwa akiwafunza adabu watawaliwa. Sitaki kulipuuza. Nasema tu kwamba hiyo ni hoja ya kihakiki, na kuijadili kunahitaji tuzikubali kazi zake kuwa kazi, tuzinukuu na kuzipima. Muyaka bin Haji alitunga akiwa upande wa Wamazrui wa Mombasa, na hakuna aliyependekeza atolewe katika mtaala kwa sababu hiyo. Tunamsoma pamoja na mtawala wake, tukilipima shairi na siasa yake kwa pamoja. Kwa Mbotela tumechagua njia rahisi, ya kumsifu kwenye mazishi.

Na hata sifa zenyewe zilikuwa za kuchagua. Takriban kila taarifa ya kifo chake ilirejelea tarehe 1 Agosti 1982, siku ambayo askari waasi wa Jeshi la Anga walimchukua na kumlazimisha alitangazie taifa kwamba serikali imepinduliwa. Uasi huo ulipozimwa siku iyo hiyo, sauti yake ikatumiwa tena kutangaza kwamba serikali ya Rais Moi ingali madarakani. Ni kisa kikubwa, na yeye mwenyewe alikisimulia mara nyingi. Lakini tazama kinaya chake. Mtu aliyezungumza hewani kwa zaidi ya miaka hamsini kwa maneno aliyoyatunga papo hapo, bila karatasi, anakumbukwa kwanza kwa maneno aliyoyasema mbele ya mtutu wa bunduki. Waasi wale walielewa jambo ambalo idara zetu hazijalielewa. Hawakumtafuta mtu mwenye cheo. Waliitafuta sauti ambayo nchi ingeiamini ikiwa bado kitandani.

Kuna sifa nyingine inayonikera zaidi, nayo ni ile ya kumwita hazina ya Kiswahili sanifu. Walimu wa lugha hupenda kumtaja kwa namna hiyo, kama mtu anayetaja kamusi nzuri. Jina la kipindi chake maarufu lenyewe linawasuta, kwa maana umbo lililozoeleka kamusini ni "uungwana", naye alisema "ungwana" kwa zaidi ya nusu karne na nchi nzima ikamfuata. Ila si herufi moja inayonishughulisha hapa. Linalonishughulisha ni neno lenyewe na kinywa lililotoka.

Mbotela alizaliwa mwaka 1940 Frere Town, bara ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa, katika makao yaliyoanzishwa na wamisheni wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Babu yake, Myao, alikuwa mmoja wa waliokamatwa na kuuzwa. Baba yake ni James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na ambacho kila mwanafunzi wa riwaya ya Kiswahili hukutana nacho katika wiki ya kwanza au ya pili, ama kama riwaya ya awali, ama kama kisa ambacho hakijafikia kuwa riwaya, na daima kama mfano wa maandishi yaliyowashukuru mno Waingereza. Tumekibishania kitabu hicho kwa miongo mingi. Ni kitabu kidogo, kilichojengwa juu ya masimulizi ya watu waliokombolewa. Yaani ni sauti iliyotiwa karatasini, na kwa sababu imetiwa karatasini tunaihesabu.

Sasa, katika upwa wa karne ya kumi na tisa, muungwana hakuwa mtu mwenye adabu tu. Alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo na mji. Kinyume chake kilikuwa mtumwa, na baina yao walikuwapo wazalia na mahuru ambao mlango wa uungwana walionyeshwa kwa mbali. Adabu, mavazi, namna ya kuingia nyumba ya mtu na ya kutoka, vilikuwa alama za hadhi hiyo, na aliyezaliwa Frere Town aliweza kuzijua zote na bado asihesabiwe. Mjukuu wa mtu aliyeuzwa anaketi mbele ya kisemeo cha taifa, anaorodhesha vitendo vya watu wa kila kabila na kila cheo, mwenye nyumba na mgeni, mwajiri na mwajiriwa, na baada ya kila kisa anauliza: je, huu ni ungwana? Neno lililokuwa la nasaba analigeuza kuwa la mwenendo. Anayeuliza si mrithi wa hadhi hiyo, na hata hivyo ndiye mwamuzi. Baba aliandika juu ya uhuru wa watumwa. Mwana aliwauliza walio huru kama wanastahili jina la waungwana. Sijui uhusiano mwingine wa namna hii kati ya matini mbili katika fasihi ya nchi hii, na kwa kuwa moja ya matini hizo ilisemwa na haikuchapishwa, hatujawahi kuuona. Inawezekana kwamba mwenyewe hakuukusudia. Tangu lini nia ya msanii ikawa kikomo cha uhakiki?

Miezi mitatu baada ya Mbotela, tarehe 11 Mei 2025, Tanzania ilimpoteza Charles Hilary, aliyetangaza kandanda Radio Tanzania Dar es Salaam kabla ya kufanya kazi Deutsche Welle na BBC. Wasikilizaji wa wawili hawa wanazeeka, na hao ndio walio na sehemu kubwa ya utendaji ule, kwa kuwa mtangazaji wa mechi hakuwa na muswada wa kuuacha nyuma. Anayetaka kujua takriri ya Kadenge ilirudiwa mara ngapi kabla ya bao, na pumzi ilivutwa wapi, itambidi aende kwa mzee aliyekuwa ameinama upande wa kulia wa redio, aende sasa, na kinasa sauti mkononi. Katika maktaba ya idara yangu hakuna kanda hata moja ya utangazaji wa mechi. Ziko nakala sita za Uhuru wa Watumwa, mbili kati yake hazina jalada.

Yule mwanafunzi alibadilisha mada. Anaandika sasa juu ya matumizi ya methali katika riwaya moja teule, na matini yake iko mezani, ina kurasa na ina jalada. Jopo limempongeza.